Mchoraji aliyewaonya watawala wasiotaka kufa

Tangu binadamu alipotambua kwamba mwisho wake ni kaburi, hajaacha kutafuta hila za kulikwepa. Wafalme wa kale walituma wajumbe ng'ambo ya bahari kutafuta dawa ya kutokufa, na matajiri wa leo humwaga mamilioni ya pesa katika maabara wakitumaini kuuzuia uzee. Jambo ambalo watu wengi hawalitambui ni kwamba tamaa hiyo, inapomwingia mtu mwenye majeshi, aghalabu huwafupishia wengine maisha. Uhusiano huo baina ya hamu ya kuishi milele na balaa la vita ndio ambao Mjapani mmoja, Osamu Tezuka, aliuchunguza kwa zaidi ya miaka 30. Hakuuchunguza kwa riwaya wala kwa vitabu vya falsafa. Aliuchunguza kwa katuni.

Najua wapo watakaoguna. Katika fikira za wazazi na walimu wengi, katuni ni mchezo wa watoto, kitu cha kunyang'anywa mwanafunzi darasani na kutupwa kapuni. Hata Wajapani wenyewe, ambao huziita hadithi zao za michoro manga (neno ambalo halihusiani kamwe na Manga ya Uarabuni tuijuayo katika pilipili manga), walipata kuwa na dharau hiyo hiyo. Madhumuni ya makala haya ni kusimulia maisha ya mtu aliyeishinda dharau hiyo nchini mwake, na kudai kwamba kazi aliyoithamini kuliko zote, Hi no Tori, yaani Ndege wa Moto, haijapata heshima inayostahili nje ya Japani.

Tezuka alizaliwa tarehe 3 Novemba 1928 mjini Toyonaka, karibu na jiji la Osaka. Siku hiyo Wajapani walikuwa wakiadhimisha kuzaliwa kwa marehemu Mfalme Meiji, kwa hiyo wazazi wake walichukua herufi moja ya jina la mfalme huyo wakaifanya jina la mtoto wao. Alikuwa kifungua mimba, akifuatwa na ndugu wawili. Ukoo wake ulikuwa na historia ya uganga wa kisasa: baba wa babu yake alikuwa miongoni mwa madaktari waliojifunza tiba ya Kizungu Japani ilipokuwa bado haijafungua milango yake kwa wageni. Miaka mingi baadaye Tezuka alimfanya mzee huyo kuwa mmoja wa wahusika wakuu wa hadithi yake Hidamari no Ki.

Alipokuwa na umri wa miaka mitano familia yao ilihamia Takarazuka, mji uliosifika kwa maonyesho ya jukwaani ambamo wanawake huigiza nafasi zote, za kike na za kiume. Mamake alimpeleka kutazama maonyesho hayo mara kwa mara. Babake naye alikuwa na mashine ya kuonyeshea filamu, na nyumbani kwao watoto walitazama kazi za Walt Disney na Charlie Chaplin wakati ambapo nyumba nyingi za Japani hazikuwa na anasa ya namna hiyo. Shuleni, hata hivyo, hakuwa na raha. Alikuwa mdogo wa umbo, mwenye nywele za kujikunja na miwani, na wenzake walimdhihaki. Kalamu ndiyo iliyomwokoa, kwani watoto waliomcheka walipoziona katuni zake walianza kumfuata wakitaka nyingine. Kitu kingine alichokipenda ni wadudu. Alipogundua kwamba kuna mbawakawa ambaye jina lake la Kijapani linakaribiana sana na lake, aliongeza herufi ya mdudu kwenye jina lake la uandishi, na herufi hiyo ikabaki hapo hadi kufa kwake.

Lakini utoto huo wa filamu na wadudu ulipita chini ya kivuli. Japani iliivamia Manchuria mwaka 1931, ikaanza vita kamili na China mwaka 1937, na mwezi Desemba 1941 ikaishambulia bandari ya Pearl Harbor ya Wamarekani. Mwaka huo wa 1941 ndio Tezuka alioingia shule ya sekondari ya Kitano mjini Osaka. Huko alikuta mazoezi ya kijeshi yamekuwa somo, na kuchora katuni kumekuwa kosa la kuadhibiwa. Aliendelea kuchora kwa siri.

Ilipofika mwaka 1944 vijana wa shule walikuwa wameachishwa vitabu na kupelekwa viwandani. Tezuka, kwa kuwa alikuwa dhaifu wa mwili, alipelekwa kwanza katika kambi ya kuwakakamua vijana wa aina yake. Chakula kilikuwa haba na usafi ulikuwa duni, na haukupita muda akapatwa na ugonjwa wa ngozi uliomvimbisha mikono yote miwili hata ikahofiwa kwamba ingekatwa. Daktari mmoja aliiponya. Tezuka alisimulia baadaye kwamba hapo ndipo alipoamua kusomea udaktari. Msomaji na aiweke mikono hiyo akilini, kwa maana katika hadithi zake tutakutana tena na mtu anayepokonywa mikono.

Baada ya kambi alipelekwa katika kiwanda cha vifaa vya vita mjini Osaka. Mwezi Juni 1945 alikuwa zamu juu ya mnara wa kuchungulia ndege za adui, pale ndege za Marekani zilipolifunika anga na kuanza kumwaga mabomu ya moto. Bomu lilianguka karibu naye, wenzake wakafa, yeye akapona. Aliposhuka na kushika njia ya kurudi kwao alipita kando ya Mto Yodo, akaona maiti zimelundikana, za watu waliokimbilia huko wakidhani maji yangewaokoa. Mashambulizi ya mwaka huo juu ya Osaka yaliua zaidi ya watu 10,000. Kijana huyo wa miaka 16 hakurudi tena kiwandani. Alijifungia nyumbani akachora.

Tarehe 15 Agosti 1945 mfalme alitangaza kwamba Japani imesalimu amri. Jioni hiyo Tezuka alikwenda Osaka, akakuta taa zimewashwa. Kwa muda mrefu jiji lilikuwa likizimwa taa kila usiku ili ndege za adui zisilione, na sasa mwanga huo ulikuwa ushahidi kwamba vita vimekwisha kweli. Kwa maelezo yake mwenyewe, furaha aliyoipata pale, furaha ya mtu anayetambua kwamba ataendelea kuishi, ndiyo iliyokuwa kiini cha kila alichokichora baadaye. Ni muhimu kulifahamu hili. Tezuka hakuipinga vita kwa sababu alisoma vitabu vya amani. Aliipinga kwa sababu alinusurika, na alijua kwamba kunusurika kwake hakukuwa na stahili yoyote kuliko kufa kwa wenzake.

Mwaka huo huo alijiunga na chuo cha tiba cha Osaka. Mwezi Januari 1946, akiwa na umri wa miaka 17, katuni zake za kwanza zilianza kutoka katika gazeti la watoto. Mwaka uliofuata, akishirikiana na mchoraji mkongwe Shichima Sakai, alitoa Shin Takarajima, yaani Kisiwa Kipya cha Hazina, kitabu cha bei nafuu kilichochapishwa kwenye karatasi duni na kuuzwa hata katika maduka ya peremende. Yasemekana nakala zake zilifika 400,000. Watoto wa nchi iliyoungua walikuwa na njaa ya hadithi kama walivyokuwa na njaa ya wali.

Kwa miaka kadhaa alikuwa na miguu katika mitumbwi miwili, akisoma tiba mchana na kuchora usiku. Mamake, alipoona mwanawe anateseka baina ya njia mbili, alimwuliza ipi aipendayo zaidi, na alipojibiwa kuwa ni katuni alimshauri ashike hiyo. Tezuka alimaliza masomo na kufuzu mtihani wa taifa wa udaktari, na mwaka 1961 alitunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo cha Tiba cha Nara kwa utafiti juu ya mbegu za uzazi za konokono wa majini. Hakuifanya tiba kuwa kazi yake. Hata hivyo tiba haikumtoka. Black Jack, hadithi yake ya miaka ya 1973 hadi 1983 juu ya daktari wa upasuaji asiye na leseni, inarudia mara kwa mara swali la kama daktari ana haki ya kushindana na mauti.

Nje ya Japani jina lake hutajwa kwa sababu ya Tetsuwan Atom, roboti mwenye umbo la mtoto, aliyeanza kutoka magazetini mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tarehe 1 Januari 1963 Atom aliingia kwenye televisheni ya Japani, na mwaka huo huo akavuka bahari hadi Marekani, ambako aliitwa Astro Boy. Hapo ndipo ilipoanza safari ya katuni za Kijapani zinazotazamwa leo duniani kote. Kazi nyingine iliyomletea sifa ni Jungle Taitei ya miaka ya 1950 hadi 1954, hadithi ya simba mweupe aitwaye Leo. Hadithi hii inatuhusu sisi, kwani imewekwa Afrika. Filamu ya Marekani ya mwaka 1994 yenye wahusika walioitwa kwa maneno ya Kiswahili, Simba na Rafiki na Pumbaa, ilipotoka, wachoraji wengi wa Japani walilalamika hadharani kwamba inafanana mno na kazi ya Tezuka. Kampuni iliyoitengeneza ilikanusha.

Haifai tuisifu Jungle Taitei na kufumba macho. Tezuka hakuwa ameiona Afrika alipoichora. Alichora alichokirithi kutoka filamu za Kizungu, na Waafrika katika kurasa zake wana midomo na mavazi ya dhihaka. Malalamiko yalipotolewa nchini Japani mwaka 1990, baada ya kifo chake, wachapishaji waliamua kuongeza katika vitabu vyake maelezo ya kukiri kwamba picha hizo ni za kasumba ya zamani na zinaumiza. Mtu aliyetetea uhai wa kila kiumbe hakuweza kuwaona wote kwa macho safi. Hilo ni funzo kwa mwandishi yeyote, mkubwa au mdogo.

Turudi sasa kwenye Ndege wa Moto. Tezuka aliianza mwaka 1954, akaikatiza, akaianza upya mwaka 1967 katika COM, jarida alilolianzisha yeye mwenyewe ili wachoraji wapate uwanja wa kujaribu mambo mapya. COM lilipokufa aliihamishia kwingine, na baada ya huko kwingine tena, hadi mwaka 1988. Majarida yalifungwa, wasomaji walizeeka, lakini kazi iliendelea. Matokeo yake ni mkusanyiko wa hadithi 12 zinazojitegemea, zilizofungamanishwa na ndege mmoja asiyekufa. Inaaminika kwamba anayekunywa damu ya ndege huyo hafi. Kwa sababu hiyo, katika kila zama, watu humwinda.

Mpangilio wake ni wa ajabu. Hadithi ya kwanza iko katika zama za kale kabisa za Japani. Ya pili imerukia mwisho wa binadamu, miaka mingi ijayo. Ya tatu inarudi zamani, lakini si mbali kama ile ya kwanza. Hivyo ndivyo Tezuka alivyokusudia kwenda, akiruka kutoka jana hadi kesho na kutoka kesho hadi jana, kila mara akiikaribia leo, mpaka hadithi ya mwisho ikutane na wakati wetu huu tulio nao.

Hadithi ya kwanza, Alfajiri, ni ya karne ya 3. Malkia Himiko wa Yamatai anazeeka, uso wake unachakaa, naye haamini kwamba yeye, mwenye amri juu ya uhai wa watu, hana amri juu ya makunyanzi yake. Anaagiza ndege auawe. Kijiji kizima kinateketezwa, na mtoto Nagi anabaki yatima. Majeshi yanakufa, wageni wapanda farasi wanakuja kuiteka nchi, na malkia anaaga dunia bila kuonja tone la damu aliyoitaka. Watu wawili tu wanasalia, mume na mke, ndani ya shimo la mlima wa volkano lisilo na njia ya kutokea. Wanazaa watoto, na mmoja wao, alipokuwa kijana, anakwea ukuta wa jiwe hadi anafika juu. Uhai unaodumu, Tezuka anatuonyesha, ni ule unaopokezwa mtoto, si ule unaofungiwa ndani ya mwili mmoja.

Ya pili, Wakati Ujao, inatisha zaidi. Ni mwaka 3404. Uso wa dunia umekuwa jangwa, na binadamu waliosalia wanaishi katika miji mitano chini ya ardhi, kila mji ukitawaliwa na tarakilishi ambayo wakazi wameikabidhi uamuzi wa mambo yote. Tarakilishi mbili zinakosana juu ya jambo la kijana mmoja. Kila moja ina hakika kwamba haiwezi kukosea. Zinatangaza vita, na kwa muda mfupi miji yote mitano inaangamizwa kwa silaha za nyuklia, hata ile isiyohusika na ugomvi wenyewe. Wapiganapo tembo, walisema wahenga, ziumiazo ni nyasi. Hapa hata tembo hawakubaki.

Kijana huyo, Masato, ndiye anayepewa kutokufa. Msomaji anayedhani hiyo ni zawadi na asome zaidi. Masato anabaki peke yake. Anajaribu kujiua na hawezi. Anakuta sanduku ambamo mtu amelazwa katika usingizi wa baridi, ambalo halitafunguka hadi miaka 5,000 ipite, naye anangoja miaka hiyo yote ili apate mwenzake wa kuzungumza naye. Linapofunguka hakuna ndani ila vumbi. Anaendelea kuishi hata mwili wake unatoweka na anakuwa roho tu inayotazama bahari. Uhai unachipuka upya majini. Safari hii konokono wasio na gamba ndio wanaopata akili, wanajenga miji, na wao pia wanapigana hadi wanatoweka. Baada ya mamilioni ya miaka binadamu anazuka tena, na mwisho wa hadithi unatukuta mahali pale pale palipoanzia Alfajiri, mwindaji akimnyemelea ndege. Swali linaloachwa ni kama safari hii watu wataelewa.

Sijui mwandishi mwingine aliyeieleza adhabu ya kutokufa kwa ukali kama huo. Na tukumbuke kwamba haya yalichapishwa katika miaka ya 1967 na 1968, dola kubwa zikiwa zimeelekezeana makombora, na Vietnam ikiungua kwa mabomu ya moto kama yale aliyoyaona Osaka.

Hadithi ambayo wahakiki wengi huiweka mbele ni ile ya karne ya 8, wakati Sanamu Kuu ya Buddha ilipokuwa ikijengwa huko Nara. Gao, mwenye jicho moja na mkono mmoja, ni jambazi na muuaji. Akanemaru ni mchongaji kijana mwenye kipaji, ambaye Gao anamkata mkono kwa ukatili. Miaka inapita. Gao, baada ya kumwua kwa dhana mbaya kiumbe pekee aliyempenda, anajuta, na anaanza kuchonga sanamu zenye ghadhabu na huruma. Akanemaru naye, alipoinuliwa na wakubwa wa serikali, anaanza kukipenda cheo kuliko sanaa. Wawili hao wanashindanishwa. Kazi ya Gao ndiyo bora, lakini Akanemaru anafichua uhalifu wake wa zamani, na mkono wa pekee wa Gao unakatwa. Akanemaru anafia motoni. Gao anaondoka kwenda msituni, akichonga kwa patasi iliyoshikwa mdomoni. Mtu aliyewahi kukaribia kukatwa mikono alijua alichokuwa akikichora.

Katika hadithi nyingine, ya zama za vita vya ndani vya karne ya 15, binti aliyelelewa kama mwanamume na babake katili anamwua mtawa mmoja ili asimtibu baba huyo aliye mgonjwa. Kumbe wakati umemfunga mahali hapo. Anarudishwa nyuma miaka 30, na inambidi awe yeye ndiye mtawa, awatibu majeruhi wa vita wanaomjia usiku na mchana, watu na viumbe visivyojulikana, hadi siku binti mwingine, ambaye ni yeye mwenyewe, atakapokuja na upanga. Ni adhabu, lakini pia ni kazi njema. Aliyemwaga damu anapewa majeraha ya kufunga.

Tukizitazama hadithi hizi pamoja, hoja ya Tezuka inajitokeza. Himiko anataka uzima wa mwili. Taira no Kiyomori, mtawala wa karne ya 12 katika hadithi nyingine, anataka ukoo wake usianguke, na anauziwa tausi akidhani amempata ndege wa moto. Katika hadithi ya mwisho aliyoikamilisha, inayoanzia kwenye vita vya mwaka 663, watawala wanataka dini yao iwe ya pekee hata kwa ncha ya upanga. Vitu hivyo vitatu vinatofautiana kwa sura, ila mzizi ni mmoja. Ni mtu asiyekubali kwamba yeye, au jina lake, au kundi lake, litapita kama walivyopita wengine. Anayekataa kupita huwafanya wengine wawe ngazi yake. Kwa upande wa pili, wahusika ambao ndege huwatembelea kwa upole ni wale walioukubali ufupi wa maisha na wakautumia kutengeneza kitu au kulea mtu.

Wapo watakaouliza kama Tezuka mwenyewe aliyaishi aliyoyafundisha. Jibu ni kwamba si kikamilifu. Alikuwa mtu wa pupa kazini, akalala saa chache, akachukua kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Inakadiriwa kwamba aliacha zaidi ya kazi 700 na kurasa zipatazo 150,000. Ili Atom ikubaliwe kwenye televisheni aliiuza kwa bei isiyotosha gharama, na wahakiki wake wanasema kwamba hapo ndipo ulipoanza mtindo wa kuwapunja wachoraji wa filamu za katuni ujira wao. Mwaka 1973 kampuni yake, Mushi Production, ilifilisika. Vijana waliokuja na katuni za uhalisi mkali walimwona kuwa mtu wa zamani, na yeye, badala ya kukasirika tu, alijifunza mbinu zao. Black Jack ilianza mwaka huo huo wa kufilisika. Baadaye, kati ya mwaka 1983 na 1985, alitoa Adolf ni Tsugu, simulizi ya vijana wawili waliokuwa marafiki katika mji wa Kobe, mmoja Myahudi na mwingine wa damu ya Kijerumani na Kijapani, jinsi siasa za Hitler zilivyowafanya maadui wa kuuana.

Mwishoni mwa mwaka 1988 alikuwa mgonjwa mahututi wa saratani ya tumbo. Kama ilivyokuwa desturi ya Japani wakati huo, mgonjwa hakuambiwa jina la ugonjwa wake. Daktari aliyewaandikia mamilioni ya wasomaji juu ya kifo hakuelezwa cha kwake. Aliendelea kuchora kitandani hospitalini, na alifariki tarehe 9 Februari 1989 akiwa na umri wa miaka 60. Mwezi mmoja kabla yake alikuwa amefariki Mfalme Hirohito, ambaye vita vile vilipiganwa kwa jina lake. Tezuka aliacha kazi tatu nusunusu. Na Ndege wa Moto ilibaki bila hadithi yake ya mwisho, ile iliyokusudiwa kuzungumzia wakati wetu. Tafsiri ya Kiingereza ya hadithi zote ilikamilika mwaka 2008, karibu miaka 20 baada ya kifo chake, lakini bado walio wengi wanamjua Atom na hawamjui Gao.

Walimu wetu wana la kujifunza hapa. Mwaka 1955 wazazi na walimu wa Japani waliendesha kampeni kali dhidi ya vitabu vya katuni wakidai vinawapotosha watoto, na kazi za Tezuka zilikuwa miongoni mwa zilizoshutumiwa. Leo mji wa Takarazuka una jumba la makumbusho kwa heshima yake, lililofunguliwa mwaka 1994. Simaanishi kwamba kila katuni ni hazina, la hasha. Zipo za upuuzi, kama zilivyo riwaya za upuuzi. Ninalosema ni kwamba mwalimu anayemnyang'anya mwanafunzi kitabu cha michoro na aanze kwa kukisoma. Tunawafundisha wanafunzi muundo na maudhui, wahusika na mandhari. Hayo yote yamo katika Ndege wa Moto, na kwa mwanafunzi anayechoshwa na kurasa za maandishi matupu huenda ukawa mlango wa kuingilia fasihi.

Kwa upande wa wanafunzi, nawasihi wazingatie umri wa Tezuka siku ile juu ya mnara. Alikuwa na miaka 16, umri wa kijana wa sekondari. Wakubwa waliomwambia kwamba ni heshima kufa kwa ajili ya taifa hawakuwa juu ya mnara ule. Vita vyote hutangazwa na wazee wanaotarajia kuishi na kupiganwa na vijana wanaotarajiwa kufa. Mtu atakapokuja kuwaambia kwamba kabila lake, au chama chake, au dini yake lazima itawale milele, muulizeni ni damu ya nani itakayonywewa ili hilo litimie.

Hadithi ya wakati uliopo haikuchorwa. Ya kale yamekwisha kutendeka na ya mbali hayajafika, lakini ya leo yamo mikononi mwetu, na hakuna mchoraji atakayetufanyia.